Kuingia Thieta na Bangili ya Mahakama Mguuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni muuguzi wa thieta hapa Nairobi. Kabla mgonjwa hajalala, kazi yangu ni kumkagua kutoka utosini hadi unyayoni: meno ya bandia, pete isiyotoka kidoleni, shanga za kiunoni, hirizi, bangili ya shaba ambayo bibi hajaivua tangu aolewe. Hayo tumeyazoea. Bangili inayofungwa kwa amri ya mahakama, yenye betri na laini ya simu ndani yake, wengi wetu hatukufundishwa chuoni, na anayeivaa mara nyingi huifunika kwa soksi. Majibu haya ni ya mgonjwa, ya jamaa anayemsindikiza, na ya mwenzangu wa zamu ya usiku ambaye hana wa kumuuliza.

Hii bangili ni kitu gani hasa?

Ni kisanduku cha plastiki ngumu kinachofungwa juu kidogo ya kifundo cha mguu kwa mkanda wa mpira. Ndani mna betri ya lithiamu, kipokezi cha GPS kinachosoma setilaiti, na laini ya simu ya kutuma habari. Katikati ya mkanda mmepitishwa waya au uzi wa mwanga, kwa hiyo mkanda ukikatwa kituo cha uangalizi hupata taarifa papo hapo. Aina nyingine haina GPS. Hiyo huwasiliana kwa mawimbi ya redio na kisanduku kilichowekwa nyumbani, ili ijulikane kama mtu yumo ndani au ametoka. Ipo na ya tatu, inayotumika Marekani, ambayo hupima kileo katika jasho kila nusu saa.

Utaratibu huu ulianzia mahakamani huko Albuquerque, jimbo la New Mexico, mwaka 1983, pale Hakimu Jack Love alipoamuru watu waliokuwa chini ya uangalizi wafungwe kifaa cha namna hiyo badala ya kukaa jela. Wazo alilipata kwenye katuni ya gazetini. Kwetu, Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia. Aliyeivaa kama sharti la dhamana basi anaweza kuwa mtu ambaye kesi yake haijasikilizwa hata siku moja. Ningependa kila anayempokea wadini alikumbuke hilo kabla hajamtazama kwa jicho la pembeni.

Sista, naweza kufanyiwa upasuaji nikiwa nayo mguuni?

Mara nyingi, ndiyo. Upasuaji wa jicho, wa koo, wa ngiri, hata wa tumbo, unaweza kufanyika bangili ikiwa mahali pake, mradi timu nzima inajua ipo na imejipanga. Inapaswa kutoka, au kuhamishiwa mguu wa pili, ikiwa mguu wenyewe ndio unaopasuliwa, ikiwa mguu umevimba au utavimba, au ikiwa utapelekwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa. Upasuaji wa saa nyingi nao ni sababu nzuri ya kuomba itolewe.

Kwa nini mnasisitiza tuwaambie mapema? Si ni jambo la mahakama?

Kwa sababu mwili uliolala haujitetei. Ukiwa macho, kitu kikikubana unasogea bila hata kufikiri. Ukipigwa nusukaputi, au ganzi ya mgongoni, mguu hausemi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, mama mmoja aliingia kwa upasuaji wa tumbo uliochukua zaidi ya saa nne. Alikuwa amevaa uzi wa shanga kifundoni, chini ya soksi, akaona haya kuusema. Nasi hatukuvua soksi. Tulipomhamisha kutoka mezani, shanga zilikuwa zimejichora kwenye ngozi moja moja, na mahali pawili palikuwa pamegeuka rangi. Kidonda kile kilichukua muda mrefu kupona kuliko mshono wa tumbo. Shanga zile zilikuwa ndogo na laini. Kisanduku cha plastiki ni kigumu, kina pembe, na hukaa juu ya mfupa usio na nyama ya kuukinga.

Ndiyo maana nikiulizwa hatari kubwa ya bangili thieta ni ipi, sitaji umeme kwanza. Nataja soksi. Mtu anaona aibu, anaifunika, nasi tunaikuta wakati mashine zimeshawashwa, au hatuikuti kabisa. Ukiniambia kliniki, wiki mbili kabla, ni barua moja na simu mbili. Ukikutwa nayo mlangoni mwa thieta asubuhi, umeshinda na njaa tangu usiku, daktari wa nusukaputi anasita, orodha ya siku inasogea, na pengine unarudishwa nyumbani hivyo hivyo.

Kama huwezi kulisema mbele ya watu foleni, mwambie muuguzi, "Nina jambo nataka kukuambia kando." Sentensi hiyo tunaielewa.

Nitaungua na umeme wa ile mashine ya kukatia?

Hili huulizwa zaidi na wauguzi wenzangu. Daktari hutumia diathermi kukata na kuziba mishipa midogo inayovuja damu. Katika aina ya kawaida, umeme hutoka kwenye ncha ya kalamu yake, hupita mwilini, na kurudi mashineni kupitia bamba pana la kunata lililobandikwa pajani au kwenye makalio. Ncha ni ndogo, kwa hiyo joto hukusanyika pale. Bamba ni pana, joto hutawanyika, na ngozi iliyo chini yake hubaki salama. Mtu huungua mahali pasipotarajiwa umeme unapojitafutia njia nyingine ya kurudi iliyo nyembamba, kwa mfano kidole kinachogusa chuma cha meza. Mashine za zamani, zilizorudisha umeme ardhini, zilikuwa na tatizo hilo. Za sasa zimetengwa na ardhi, na nyingi hujizima zenyewe bamba likianza kubanduka.

Bangili imefunikwa plastiki, inatumia betri yake, na haijaunganishwa na ardhi. Kwa hiyo uwezekano wa kuungua kwa sababu yake ni mdogo, na haufai kuwa sababu ya kumfukuza mgonjwa. Tunaupunguza zaidi kwa mambo ambayo hayagharimu hata shilingi. Bamba huwekwa karibu na mahali panapokatwa, na bangili isiwe kati ya jeraha na bamba. Kwa upasuaji wa tumbo, bamba likikaa kwenye paja la mguu usio na bangili, umeme hauna safari ya kuufikisha kifundoni. Mguu wenye bangili hautakiwi kugusa chuma popote. Kazi ikiruhusu, daktari anaweza kutumia diathermi ya koleo, ambayo umeme wake hupita kati ya meno mawili ya koleo tu na hauzunguki mwilini, au kisu cha mitetemo kisichopitisha umeme mwilini.

Kitu kimoja nakipinga bila kusita: bangili isichajiwe mgonjwa akiwa juu ya meza. Ukiichomeka ukutani umemwunganisha mgonjwa na stima ya jengo, na ulinzi wote tulioujenga dhidi ya umeme unaopotea unakuwa na mlango wazi.

Na ngozi? Mtaikinga vipi?

Kabla ya dawa ya usingizi tunaitazama ngozi iliyo chini ya mkanda na kuandika ilivyo, ili mchubuko wa zamani usije ukaitwa wetu, na wetu usiitwe wa zamani. Tunapima nafasi: vidole viwili vipite kati ya mkanda na mguu. Visipopita kabla ya upasuaji, baadaye hali itakuwa mbaya zaidi.

Kisha tunatandika sponji au pamba laini chini ya kisanduku na kukigeuza kisilaliwe na mguu wa pili. Mkao ndio unaoamua mengi. Anayelala chali ana nafuu. Anayelazwa ubavu, mguu mmoja hukaa juu ya mwingine. Anayelala kifudifudi, mbele ya kifundo ndiyo inayobeba uzito. Akina mama na wagonjwa wa kibofu wanaoinuliwa miguu kwenye vishikizo, kisanduku huweza kusukumwa na chuma cha kishikizo saa zote hizo bila mtu kuona, kwa kuwa shuka limefunika. Katika mikao hii mitatu mimi huomba bangili itolewe kabisa, hata kama daktari anaharakisha.

Kuna pia uvimbe. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi huongezewa maji na damu kwa wingi, na maji hayo huishia miguuni. Mkanda uliokuwa na nafasi asubuhi unaweza kuwa kamba jioni. Ndiyo sababu mguu lazima ufikiwe wakati wa upasuaji: tunagusa mapigo ya mshipa ulio juu ya wayo, na ule wa nyuma ya kifundo cha ndani, tunatazama rangi na joto la vidole. Mapigo yakififia, mkanda unakatwa. Mguu hausubiri idhini.

Mnasafisha mguu kwa spiriti. Ina shida?

Ipo, na hupuuzwa. Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyochanganywa na spiriti ikimwagika hutuama chini ya mkanda, mahali ambapo haiwezi kukauka. Ikikaa hapo huunguza ngozi. Mvuke wake ukikutana na cheche ya diathermi, hushika moto. Kwenye ngozi iliyo wazi tunasubiri dakika tatu angalau kabla ya kufunika; chini ya mkanda hata nusu saa haitoshi. Kwa hiyo eneo hilo linafunikwa kwa karatasi ya nailoni inayonata kabla chupa haijafunguliwa. Bangili yenyewe haiwezi kuchemshwa wala kutakaswa, kwa hiyo hukaa nje ya eneo safi, imefungwa.

Ile aina ya kupima kileo itachukulia spiriti kuwa pombe. Mwenye nayo apewe barua inayotaja dawa iliyotumika, tarehe na saa, la sivyo ataitwa kujibu kosa ambalo hakulifanya.

Nitajifungua kwa upasuaji. Miguu yangu tayari imevimba.

Mama, usisubiri uchungu. Miguu huvimba mwishoni mwa ujauzito hata bila ugonjwa, na shinikizo la damu likipanda huvimba zaidi. Ongeza ganzi ya mgongoni, ambayo huacha miguu haina hisia kwa saa kadhaa, na ongeza hatari ya damu kuganda mishipani, ambayo kwa mwanamke aliyetoka kujifungua iko juu. Omba barua ya daktari kliniki, ukiwa na wiki kadhaa mkononi, inayoeleza kwa nini bangili itolewe au ilegezwe na kurudishwa baadaye.

Kuhusu damu kuganda, hili linawahusu wote. Mifuko ya hewa inayofungwa kwenye mashavu ya miguu, ikivimba na kunywea ili damu isitulie, haikai vizuri juu ya bangili. Tusiifunge kwa nguvu juu yake. Tunaweza kutumia ya unyayo, au daktari akaamua juu ya sindano ya heparini.

MRI je? Eksirei je?

MRI hapana kabisa. Sumaku ya mashine ya kawaida ya tesla 1.5 ina nguvu mara 30,000 hivi kuliko usumaku wa dunia yenyewe, na haizimwi hata kama hakuna anayepimwa. Ndani ya bangili mna betri na vyuma. Inaweza kuvutwa pamoja na mguu wako, na mawimbi ya mashine yanaweza kuipasha moto hadi ikuunguze. Usivuke mlango ule ukiwa nayo, hata ukiambiwa ni kipimo cha kichwa tu.

Eksirei na CT scan hazina sumaku hiyo. Bangili itaharibu picha ikiwa mahali ilipo ndipo panapopigwa, basi.

Ikianza kulia au kutetemeka katikati ya upasuaji?

Mara nyingi italia kwa sababu mbili: betri imepungua, au imepoteza mawasiliano. Thieta nyingi ziko katikati ya jengo, kuta nene, na setilaiti haipenyi hapo. Kituo cha uangalizi kitaona umetoweka kwenye ramani. Dawa yake ni kuwaambia kabla: jina la hospitali, siku, saa ya kuingia na ya kutarajiwa kutoka. Tukimaliza tunaandika saa kamili, ili kila tahadhari iliyotumwa iwe na maelezo.

Chaji nyingi hazipiti siku moja au mbili, na kuchaji huchukua kama saa mbili. Ichaji usiku wa kuamkia upasuaji, tena mapema jioni, maana stima ikipotea saa nne ya usiku huna pa kuanzia. Beba chaja yake wadini. Jamaa wengi huisahau, kisha mtu mmoja anapanda matatu hadi Githurai kuifuata.

Nani ana ruhusa ya kuitoa?

Aliyeifunga au aliyeagizwa na mahakama. Daktari hana mamlaka ya kuivua kwa sababu tu inamkera. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: daktari anaandika barua inayosema aina ya upasuaji, tarehe, sababu ya kiafya na muda unaohitajika. Haihitaji kueleza kesi, wala historia yako yote ya ugonjwa. Wakili anaiwasilisha mahakamani, na kwa mahakama za Nairobi maombi huweza kuwekwa kwa mtandao tangu Julai 2020. Asiye na wakili aende na barua kwa afisa wa probesheni au afisa anayemsimamia, na aombe nakala iliyopigwa muhuri. Nakala hiyo ije wadini pamoja na wewe.

Kama ombi ni kuihamishia mguu wa pili, mara nyingi ni rahisi kukubaliwa, kwa sababu uangalizi haukatiki.

Ni dharura, saa nane za usiku. Hakuna hakimu, hakuna afisa anayeshika simu.

Upasuaji unaendelea. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na hakina kipengele cha bangili.

Kama inaweza kubaki, inabaki, na tunafanya yote yaliyotajwa hapo juu. Kama inahatarisha mguu au uhai, mkanda unakatwa. Mtu aliyegongwa na gari, mishipa ya mikono imenywea, anaweza kuhitaji ile vena kubwa inayopita mbele ya kifundo cha ndani, na bangili imekalia hapo hapo. Mwenzangu wa usiku, usiogope mkasi. Mwite daktari mkubwa aliyepo akubali na kuandika uamuzi. Andika saa ya kukata na sababu. Tia kifaa na vipande vyote vya mkanda katika mfuko, bandika jina, kifungie, na ukikabidhi kwa afisa kwa sahihi. Kisha endelea kupiga simu hadi ipokelewe, na andika kila ulipopiga. Karatasi hiyo ndiyo itakayomzuia mgonjwa wako kuamka na kukuta hati ya kumkamata.

Moyo ukisimama, mnaweza kumpiga shoki nayo ikiwa mguuni?

Ndiyo, bila kupoteza hata sekunde kuitafuta. Mabamba hukaa kifuani.

Nina kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Vitagongana?

Umbali kati ya kifua na kifundo unatosha, hauna sababu ya hofu. Mwambie tu daktari kuhusu vyote viwili, kwa kuwa diathermi ina masharti yake kwa kifaa cha moyo.

Pingu ni sawa na bangili?

Hapana. Pingu ni chuma kitupu kinachomfunga mtu kwenye kitanda. Juu ya meza ya upasuaji pingu haikubaliki: ni njia ya umeme, inajeruhi, na inatuzuia kumgeuza mtu akitapika. Afande anaweza kusimama nje ya mlango. Mgonjwa aliyelala kwa nusukaputi hana pa kukimbilia.

Hospitali inaweza kunikataa? Na kila mtu atajua?

Kuahirisha upasuaji usio wa haraka ili barua ipatikane ni jambo la busara. Kukukataa kwa sababu ya kesi yako si haki, na unaweza kuomba kumwona msimamizi wa hospitali.

Wanaohitaji kujua ni timu inayokuhudumia. Sisi huliweka kwenye orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ile yenye mambo 19, katika sehemu inayosomwa kabla ya dawa ya usingizi: "Ana kifaa mguuni, mguu wa kushoto, kimekingwa." Hatusomi shtaka, na hatuulizi. Habari za afya yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo hata afisa anayekusimamia anapewa tu kile kinachohusu kifaa.

Baada ya upasuaji nifanye nini?

Ganzi ikiisha, chezesha vidole vya mguu huo. Ukihisi kufa ganzi kusikoisha, maumivu makali kwenye shavu la mguu, au vidole vikiwa baridi, mwite muuguzi mara moja, usingoje raundi ya asubuhi.

Ikiwa ilitolewa, uliza kabla ya kuruhusiwa inarudishwa lini, wapi, na mguu upi. Isirudishwe juu ya kidonda wala mguu ambao bado umevimba. Daktari aandike hivyo.

Tena kuna jambo la saa. Ukiwa na sharti la kuwa nyumbani jioni, jua kwamba daktari kusema "umepona, nenda" saa tatu asubuhi hakumaanishi utatoka saa nne. Kuna bili, kuna dawa, kuna kusubiri idhini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, kuna foleni ya magari Thika Road. Nimeona watu wakitoka getini giza limeingia. Siku hiyo mpigie afisa wako asubuhi na mapema, mwambie unaruhusiwa leo na bado hujui saa, kisha mpigie tena ukiwa kwenye gari. Karatasi ya kuruhusiwa ina saa yake. Iweke mahali usipoweza kuipoteza.